Mluzi wa Marehemu Fundi

Mimi siogopi maiti, sembuse mzimu. Muulizeni yeyote pale karakana.

Ila msimuulize mama wa usafi.

Karakana yetu ya fanicha ina chumba cha nyuma. Humo kuna kompresa, mashine inayosukuma hewa ya kupulizia rangi. Wiki ileile tuliyomzika fundi mkuu, mluzi ukaanza humo.

Mwembamba. Mrefu. Kama mtu anakuita na hataki wengine wasikie.

Mashine zikinguruma, husikii kitu. Zikizimwa saa ya chakula, huyo anaanza.

Basi tukaacha kuzizima. Mwaka mzima jenereta inayoziendesha inakula dizeli na kutema moshi, na sisi tunakula, ili tu tusimsikie marehemu.

Mwezi uliopita mteja wetu mkubwa akaja juu: punguzeni moshi mwezi huu, la sivyo nahama. Akihama, watu kumi na wawili tunarudi nyumbani.

Bosi akauliza nani atakagua mabomba ya kompresa, maana ndiyo inayomaliza dizeli.

Mdomo wangu ukawahi kabla ya akili: "Niachieni mimi!"

Saa saba mchana nikazima kila kitu. Nikaingia.

Fiiiiii.

Hewa ya baridi ikanipuliza shingoni. Jamani, sijui nilitokaje. Najua tu kiatu kimoja kilibaki.

Kikaoni nikakohoa kiofisi. "Bosi, nimekagua bomba moja moja. Yote mazima."

"Mwanangu."

Mama wa usafi, mjane wa fundi, kasimama mlangoni. Mkono huu kiatu changu, mkono ule ndoo ya maji ya sabuni.

"Ulikagua kwa mguu gani?"

Watu wakavunjika mbavu. Yeye hakucheka.

"Nimepaka sabuni kwenye maungio. Saba yanatoa povu. Hewa inavuja, ndiyo maana kompresa haipumziki. Hata ukizima, tangi linaendelea kuvuja. Mume wangu aliyakaza kila Jumamosi. Nani ameyakaza tangu afe?"

"Lakini mama, ule mluzi wake..."

"Miaka thelathini nimelala naye kitanda kimoja. Yule mwanaume hakujua kupiga mluzi."

Akanipa spana ya marehemu. Nikakaza yote saba. Dizeli ikapungua, mteja akabaki.

Funzo: kabla hujamsingizia marehemu, shika sabuni.

Sasa saa saba tunazima kila kitu. Kimya.

Jana nikamchungulia mama. Kaketi peke yake kando ya kompresa, anasikiliza.

Nikaanza kurudi kinyumenyume.

Hakugeuka.

"Ingia tu, mwanangu. Na leo utoke na viatu vyote viwili."