Mfuniko wa Dereva

Mzee Grisi, fundi wa vifaru aliyestaafu jeshi, hakuvumilia uongo, hata uwe wa plastiki. Binti yake alipomletea kifaru kidogo cha kuunganisha, alikaa nacho kwenye meza ya chakula wiki nzima akifoka. "Hawa walikichora kwa kusimuliwa," alisema. Akachonga upya magurudumu, akasugua minyororo kwa msasa mpaka mkewe akachoka kufagia unga wake.

Mwishowe akageuza mzinga kidogo kushoto, ukakaa juu ya mfuniko wa dereva, akaugandisha kwa gundi.

"Sasa dereva atatokaje?" mkewe akauliza.

"Hatoki. Mzinga ukikwama hapo, mfuniko haufunguki. Ndivyo tulivyokikuta kile cha rafiki yangu."

Mkewe aliyakumbuka mazishi ya rafiki huyo, akachukua ufagio.

Jioni kitindamimba wao akaingia na sare zake za jeshi, begi begani. Akakiinua kifaru, akatabasamu.

"Baba, hapa umepatia. Ni hivi hivi vya zamani walivyotutolea stoo jana. Kesho tunaondoka navyo."

"Wewe wamekuweka wapi?" mzee akauliza taratibu.

"Mbele, baba. Naendesha."

Mzee Grisi akampokonya kifaru, akaushika mzinga kwa vidole viwili, akajaribu kuurudisha katikati. Gundi ilikuwa imeshakauka.