Kuvu Iliyompanda Mtu wa Mjukuu Wangu

Mchezo ule sikuupenda tangu siku ulipoingia nyumbani, na mpaka leo siupendi. Mjukuu wangu alikuwa akirudi skuli anatupa begi mlangoni, anakaa mbele ya televisheni na kidude chake mkononi, na miye nyuma yake kwenye kochi nimevaa koti ndani ya nyumba, kama mtu anayengoja basi. Humo kwenye televisheni kuna nchi ya uongo. Misitu, mapango, wanyama wa vichwa viwili, na watu wanaotembea na mapanga mchana kweupe wala hapana polisi wa kuwauliza. Kila anayecheza ana mtu wake. Wa mjukuu wangu alikuwa mwanamke mrefu wa upinde. Alimlea yule mwanamke tangu baridi ilipoanza, anamvika, anamlisha, anamfundisha kulenga, na huku chumba chake mwenyewe hakijafagiwa.

Majina yote ninayo kichwani: la mwanamke wa upinde, la kila mmoja wa wenziwe watatu wa mchezoni, hata la yule kiongozi wao mwenye mdomo. La baba yake kiongozi pia ninalo, maana niliuliza. La mjukuu wangu siliandiki kwa kumsitiri. Hayo mengine siyaandiki kwa sababu hayastahiki wino wangu.

Lakini nieleze kwa nini mchezo wenyewe haukutupwa. Mwanangu alipoachana na mumewe tulihama Stanmore tukaja Stratford, upande wa pili wa mji, na mtoto akaingizwa skuli asikomjua mtu. Alikuwa akila chakula cha mchana peke yake, chooni. Wale wasichana watatu walimchukua kwa sababu alikuwa hodari wa upinde. Kila Jumamosi baada ya adhuhuri hucheza pamoja, kila mmoja kwao, wanasemezana kwa vile vidude vya masikioni, na sauti zao huvuja hata miye nyuma nikazisikia. Mwanangu aliniambia wazi, "Mama, usimkatize Jumamosi. Wale ndio watu aliowapata." Basi nikanyamaza, nikakaa nyuma yake nikitazama, kwa chuki zangu.

Jumamosi moja wale wanne wakafika bondeni kwenye nyumba kubwa. Ndani kumetandikwa mikeka na mazulia, watu wamekaa chini, wanakula sinia moja. Na mwanamke wa mjukuu wangu huyo anaingia na mabuti yake ya matope, anakanyaga zulia mpaka katikati.

"We! Vua viatu!"

"Bibi, ni gemu tu," akanijibu kwa Kiingereza, kama anavyonijibu siku zote.

"Gemu, na hao si watu wanakula? Nani kakulea wewe, uingie nyumba ya watu na mabuti? Na msikitini utaingia hivyo?"

Akavuta pumzi kwa kishindo, akabonyeza, mabuti yakamtoka. Wenziwe hawakuvua. Walipita na viatu vyao juu ya mikeka ya watu, na miye nikaona raha kwamba wa kwetu peke yake ndiye mwenye adabu.

Kumbe chini ya mikeka ile sakafu ilikuwa imeoza. Walipotoka nje, mwanamke wa upinde alikuwa na weupe baina ya vidole vya miguu, kama unga wa muhogo. Maneno yakatokea juu ya televisheni, mtoto akayasoma, akashika kichwa. Kuvu imemwingia. Mabuti ndiyo yaliyokuwa kinga.

Sauti ya yule kiongozi ikapanda, nikaisikia wazi kutoka masikioni mwa mjukuu wangu. "Nani anavua viatu vitani?" Na wale wawili wakaangua kicheko.

"Mwambie ni Bibi," nikasema. "Mwambie na yeye aje hapa na viatu vyake, aone."

Hakumwambia. Aliinamisha kichwa, akacheka nao, kicheko cha mtu aliyefinywa.

Sasa kuvu ile inaambukiza. Wakiwasha moto wakalala pamoja humo mchezoni, aliye karibu na mgonjwa anaamka nayo. Kiongozi akatoa amri: mwanamke wa upinde alale mbali, peke yake. Na ikiwa Jumamosi ijayo hajapona, wasimngoje. Yeye kiongozi ana binamu yake mwenye upinde, ataletwa mahali pake. Mjukuu wangu akasema sawa. Akasema sawa mara nyingi, kwa upole ambao hajawahi kunipa miye wala mama yake. Nikatamani kumzaba kofi mtu nisiyemuona.

Wiki ile mtoto alikuwa akirudi skuli anakwenda moja kwa moja kutazama miguu ya yule mwanamke. Nami choa nimeitibu, mba nimeitibu, punye za vichwa vya watoto wa mtaa mzima kule kwetu Wete zimepita mkononi mwangu. Nikamwambia, mkamulie ndimu na chumvi. Ndimu zilikuwamo mkobani mwa yule mwanamke, aliziokota njiani. Akamkamulia. Wallahi kuvu ile ilinyonya ndimu kama mtoto mchanga. Ikapanda mpaka magotini, ikatoa uyoga mdogomdogo wa manjano, umejikunja mfano wa masikio. Mwanamke akawa hawezi tena kukimbia, anaburuta.

"Usiniambie tena kitu!" mtoto akapiga kelele. "Kila ukisema kitu mimi naharibikiwa!"

"Usinipandishie sauti."

"Wewe ndiye uliyesema nivue!"

"Na leo ningesema hivyo hivyo. Chafu ni ile nyumba yao, si adabu yako."

"Watanitoa, Bibi! Huelewi? Watanitoa!"

Mama yake akaingia wakati huo huo kutoka kazini, ile kazi yake ya kutunza wazee, amevaa bado yale mavazi ya buluu. Akasimama mlangoni na mfuko wa maziwa mkononi. "Kutwa nzima nimewainua wazee wa watu, nawakogesha, nawalisha. Nikija kwangu nakuta nyinyi wawili mnagombana kwa uyoga wa kwenye televisheni?" Tulinuniana, mtoto na miye, mpaka Jumamosi.

Jumamosi ilipofika, alikuwa kwa nguvu zake amemkokota yule mwanamke mpaka kwenye kibanda cha mganga. Mganga mwenyewe kizee kibaya, meno hana, kazungukwa na vibuyu. Nikasema moyoni hata huku uongoni wazee wanachorwa hivi. Mtoto akanisomea anachosema, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwengine wa kumsomea. Kuvu hii haifi. Inaweza kumtoka mtu, lakini mpaka mwengine aje aipokee, atamke mwenyewe kwamba amekubali.

Akawauliza wenziwe. Aliuliza kwa maneno mazuri, akasema ni kwa muda tu, atatafuta njia, atawalipa kwa ngozi na mishale. Nilisikia mmoja anakohoa. Halafu kiongozi akasema binamu yake yuko tayari, amekwishawasha mchezo kwao.

Nikamvua mtoto vile vya masikioni nikavivaa miye.

"Wewe, binti wa fulani," nikamtaja baba yake kwa jina lake kamili, kwa Kiingereza changu cha sokoni. "Huyu alikupigia mishale majira yote ya baridi. Kila mnyama aliyetaka kukutafuna, nani alimuua? Miye nimekaa hapa nimeona. Leo anaumwa, umeleta binamu?"

Nikamsikia kiongozi anachekea puani.

"Basi ichukue wewe."

"Bibi, usi..." mjukuu wangu akaanza.

"Lete kile kidude cha pili," nikamwambia.

Isifikiriwe nilifanya kwa mapenzi. Mapenzi yapo, lakini siku ile nilifanya kwa hasira, na ningetaka yule msichana ajue hivyo. Mtoto akanitengenezea mtu upesi upesi. Nikataka mwanamke mzee, akapatikana. Nikataka mtandio, hakuna, nikapewa kofia ya koti. Televisheni ikagawika, nusu yake, nusu yangu. Mtu wangu alikwenda akagonga ukuta, akageuka akagonga mtungi, akazunguka kama kuku aliyefungwa mguu, na humo masikioni wale wasichana, wanaotazama kwao, wanacheka mpaka wanakosa pumzi. Nikafika mbele ya kile kizee. Akaniuliza kama nakubali. Mtoto akanionyesha pa kubonyeza. Nikabonyeza.

Uyoga ukamdondoka mwanamke wa upinde mmoja mmoja, na kila unaodondoka kwake unachomoza kwangu. Miguuni, magotini, ukapita, maana miye mtu wangu hakuwa na nguvu za kuuzuia, mpaka kiunoni. Mwanamke wa upinde akasimama wima. Akaruka, akatua. Mtoto akacheka kicheko chake cha zamani cha Stanmore, akanivua vile vya masikioni akavivaa mwenyewe.

"Nimepona," akawaambia. "Tizameni. Nimepona!"

Kiongozi akasema haya njoo, basi, tunachelewa, na mwambie bibi yako asitusogelee, ananuka. Yule binamu hakutajwa tena.

Mjukuu wangu akaanza kuondoka. Nusu yake ya televisheni ikawa barabara na miti, yuko mbioni. Nusu yangu ikawa kibanda, na mzee aliyeota uyoga mpaka kiunoni. Asante sikupewa. Alifika mbali kidogo akasimama, akageuka kwenye kochi akanitazama miye, si mtu wangu.

"Nikuzimie, Bibi?"

"Usizime. Wenzio leo watawasha moto wapi, wakitaka kulala?"

Akanitazama tena. Kisha akakiziba kwa kiganja kile kijiti cha kusemea kilicho mbele ya mdomo wake.

"Darajani," akasema. "Upande wa kushoto."