Nusu Kichwa Saluni Buzuruga

Jumamosi nilikuwa saluni Buzuruga nikisubiri kusukwa. Binti msusi wa pale aliwahi kuahidiwa kazi ya hoteli nje ya nchi, akauzwa kwa wanaume. Amerudi mwaka huu. Mteja wake, nusu kichwa kikiwa kimeshasukwa, alinong'onezwa habari hizo na jirani yake. Akainuka, akamgeukia mwenye saluni.

"Dada, nipe msusi mwingine. Huyu asinishike."

Mwenye saluni aliendelea kukoroga dawa ya nywele. "Msusi ni huyo huyo, mama. Mimi nawakataa waliomuuza. Na harusi unayokwenda si saa tisa?"

Mteja akajitazama kiooni: upande huu mistari, ule kichaka. Akakaa.

"Inamisha kichwa, mama," binti akasema.

Akainamisha.

Tukingoja majirani wabadilike mioyo kwanza, tutangoja sana. Yule mteja hakubadilika hata kidogo. Alisukwa tu, na binti akabaki na kazi yake.