Ua Ulikatwa kwa Jeneza, Haukatwi kwa Mgonjwa

Umempita Celestine Awuor njiani, usikatae. Ulikuja nyumbani Kodumba kwa likizo ya Desemba, ukajibanza kando ili apite, na mgongoni mwake alikuwa amefungwa mwanamke mgonjwa kwa leso, kama mtoto. Ukatazama viatu vyako. Ukasema njia hii ni mbaya, kisha ukaenda kula samaki.

Basi tazama sasa. Ni saa kumi na mbili asubuhi, mlimani nyuma ya soko la Kosele. Celestine anawasha pikipiki ya magurudumu manne ambayo kijiji kizima huiita Ogwal, yaani chura, kwa jinsi inavyoruka mawe. Nyuma yake amepanda Roseline, mke wa mwanawe, mwenye mimba ya miezi minane. Celestine anapitisha leso kiunoni mwa wote wawili na kukaza fundo tumboni mwake.

"Niegemee. Usiogope kunibana."

"Tumbo ndilo linakubana, mama, si mimi," Roseline anamjibu.

Wanashuka kwenda kliniki. Pande zote mbili kumesimama ua wa ojuok, ule mti wa utomvu mweupe unaochoma macho, na mikono ya usukani inapita ikikwaruza matawi. "Fumba macho," Celestine anasema. Yeye hawezi kufumba.

Ana miaka arobaini na mitatu. Kwao ni Migori, ndiyo maana huku anaitwa Nyar Migori, binti wa Migori, na huko alibeba mawe ya dhahabu kwa tuktuk ya mizigo kabla ya kuolewa. Shirika moja la kanisa lilipotaka kusaidia wagonjwa wa mlima huu, hapakuwa na mwingine wa kuendesha. Halipwi. Anapewa petroli, na mahindi yake anapalilia akirudi.

Miaka miwili iliyopita shirika lilileta magari matatu madogo uwanjani, watu wajaribu na kuchagua. Tuktuk ya mizigo ilipinduka kwenye mteremko wa kwanza. Ikabaki Ogwal, na kigari chenye usukani wa mviringo, fremu ya vyuma juu na kitanda cha mgonjwa nyuma. Hicho watu walikiita Dhiang', ng'ombe, kwa upana wake. Kilipanda mlima bila kulalamika.

Kikakataliwa. Kilihitaji kila mwenye shamba arudishe ua wake nyuma futi mbili.

"Hata mimi nilikipenda," anasema Levis, mzee wa kijiji. "Lakini ukikata wako kwanza, jirani atasema mpaka ni pale alipobaki yeye. Anza wewe basi, omera, tukuone."

Kwa hivyo wakachagua kigari kinachozifaa nyua zao. Kijiji hiki husahau haraka, basi kikumbushwe: bomba la maji lilifika chini ya mlima huu mwaka wa 2009, likarudishwa kwa sababu ya ua huu huu. Wasichana wa wakati ule ni mama leo, na bado wanabeba mitungi.

Aprili mwaka jana, Nyatichi, mke wa Bonface, alijifungua nyumbani akaanza kutokwa damu. Celestine alimfunga mgongoni.

"Mtu aliyezimia hashiki," anasema. "Leso inamzuia kiuno, kichwa kinaenda huku na huku. Alianza kuteleza. Nikasimama, nikamlaza kwa nyasi. Paa la zahanati nilikuwa naliona kutoka pale."

Nyatichi alifia kwenye nyasi hizo.

Wiki iliyofuata vijana walikuja na panga. Kwa asubuhi moja walikata ua pande zote, kutoka barabarani mpaka kwa Bonface, ili pikapu ya jeneza ipande. Hakuna aliyeuliza mpaka ni wa nani. Pikapu ikapanda, ikashuka. Baada ya mazishi kila mtu akachomeka matawi yake ardhini palepale yalipokuwa, na kwa kuwa ojuok haina shida ya kuota, mvua haikuisha kabla hayajashika.

"Mimi mwenyewe nilirudisha yangu," anasema Bonface. "Wenzangu walikuwa wanarudisha. Ningefanya nini, nimwachie jirani futi mbili? Andika hiyo. Andika vile nimesema."

Sasa ni zamu ya Roseline. Leo kliniki wamempima presha na kukuta imepanda tena. Muuguzi anamwambia Celestine kwamba uchungu ukianza, aletwe amelala. Si kwa Ogwal.

Shirika limekubali kubadilisha, njia ikipanuliwa. Dhiang' iko Kosele, katika uwanja wa duka la vifaa vya ujenzi la Bashir.

"Mama, mwezi ukiisha naiachilia," Bashir anamwambia. "Kuna kijiji Migori wameshapanua njia. Wananipigia simu kila siku."

"Migori ni kwetu," Celestine anasema. "Kumbe ningekaa tu huko nisiolewe."

Ua wa kwake ameshaukata, peke yake. Siku ya pili jirani akafunga mbuzi kwenye kile kipande. "Acha ale," anasema. "Mimi nataka Roseline alale nyuma, nishike usukani, tushuke tukiongea. Hiyo tu."

Nyua zilizobaki nyingi ni za watu wasiokaa hapa. Wako Nairobi, Kisumu, Mombasa, na waliowaachia mashamba wanasema hawawezi kukata bila neno la mwenyewe. Mwenyewe ni wewe.

Usitume pole. Za Nyatichi zilitosha. Mpigie sasa hivi anayekushikia shamba, umwambie akate upande wako leo, bila kumngoja jirani.