Gari Jeupe la Mjomba

Ukitaka kujua umri wa gari, usiulize karatasi. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Chini kabisa, karibu na sakafu, kuna lebo ndogo ya kitambaa iliyoshonwa, na mwaka umepigwa chapa juu yake. Hilo nilijifunza mwenyewe nikiosha magari katika yadi moja ya kuyauzia mjini Kisii. Shule nilikuwa nimeiacha kidato cha kwanza. Nilikuwa nimechuma chai Nyamira, nimeuza ndizi Nyamache, na kila nilipofika nilitaka kujua vitu vinafanyaje kazi.

Mwenye yadi alikuwa Mhindi aliyerithi duka la vitambaa, akaona magari yanalipa zaidi. Miaka ya tisini ilipoanza, nchi ilifungua milango na magari yaliyotumika Japani yakaingia kwa wingi. Muongo ulipokaribia kwisha, tukaambiwa gari lililozidi miaka minane halitapewa namba ya usajili. Nilidhani magari mazee yatakoma kuja. Yalibadilishiwa karatasi tu. Siku moja tajiri alinipa wembe, akasema nizikate lebo za mikanda, zinachafua gari. Mimi niliyeuliza kila kitu, hilo sikuliuliza.

Kisha likaja gari jeupe la milango miwili, limelala chini, lina turbo. Ya namna hiyo tuliyaona kwa nadra, maana injini kubwa ilikuwa na ushuru mkubwa. Nilimuuliza dereva aliyelitoa Mombasa ni nani anayeweza kukitupa kitu kama hiki. Akanieleza kwamba huko Japani gari likizeeka, ukaguzi na bima humshinda mwenyewe, basi huliuza nje. Sheria yao ilikuwa imelifukuza na yetu ilikuwa imelikataa, na bado lilikuwa mbele yangu nalipangusa. Lebo zilisema lina miaka kumi na mmoja. Nilizikata za viti vya mbele. Za nyuma, pale pasipokaa mtu, nilizisahau.

Aliyelitaka alikuwa mjomba wangu wa Tabaka. Yeye ndiye aliyenilipia karo nilipokuwa shule. Alikuwa na shimo lake la mawe laini, yale wachongaji wanayotengenezea viboko na sahani za kuuzia wageni, na alikuwa amelichimba kwa miaka thelathini. Vijana wa yadi walimtania.

“Mzee, na hili utabebea mawe?”

“Mawe yangu yamepanda ndege,” akawajibu. “Mimi sijapanda hata ghorofa. Sasa na mimi niletewe kitu kutoka huko.”

Walicheka, na mimi nikacheka. Nilijua ameshauza shimo. Hakuwa na kingine cha kuuza.

Tajiri akaingia ndani kuchukua kitabu cha risiti. Vijana walikuwa wamerudi kazini; tulibaki wawili, mimi nikiwa ndani ya gari. Mjomba akainama dirishani, akaninong'oneza kwa Kigusii: mwanangu, hili gari lina miaka mingapi hasa? Tajiri alikuwa ameniahidi kwamba safari inayofuata nitakwenda mimi kuchukua magari Mombasa. Sikuwa nimeona bahari. Nilitaka kuona meli inavyotapika magari. Nilimjibu mjomba kwa Kiswahili, kama nilivyowajibu wateja.

“Sita.”

Akaitikia kwa kichwa. Risiti ilikuwa na mhuri unaosema gari limeuzwa kama lilivyoonekana. Alitia sahihi bila haraka.

Mjomba alipolipeleka kusajiliwa, mkaguzi wa serikali alianza na mkanda wa nyuma. Hakufungua hata boneti. Gari lilinyimwa namba, likakaa chini ya migomba ya mjomba, kuku wakalala ndani. Tajiri alipoambiwa alionyesha ule mhuri. Baadaye alilinunua tena kwa bei ya vipuri. Injini ilikwenda Nairobi, kwa vijana waliokuwa na gari lenye karatasi safi. Hakuna aliyeulizwa lolote kuhusu zile karatasi zilizobadilishwa.

Mombasa nilikwenda. Bahari niliiona nikiwa nyuma ya ua wa bandari, nikisubiri karani amalize chai yake.

Niliporudi nilikwenda Tabaka. Mjomba alikuwa shimoni, shimo lile lile, akimfanyia kazi yule aliyelinunua, analipwa kwa kila jiwe. Vumbi lilikuwa limempaka mpaka kope. Hakupanda juu kunisalimu.

“Ulijua?” akauliza.

“Nilijua, mjomba.”

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa na maneno tayari kuhusu tajiri, kuhusu sheria, kuhusu jinsi kila yadi inavyofanya.

“Na mimi nilifikiri hukusoma,” akasema.

Akawaambia wenzake wasogee, akachomeka mtaimbo kwenye ufa wa jiwe, akaulalia kwa uzito wake wote.