Chumvi ya Baba Mkwe

Baba mkwe alitoka Kharumwa kuja kutibiwa presha kwetu Shinyanga, akaambiwa ameze dawa bila kuruka na apunguze chumvi. Muuguzi alishaona majibu ya figo kuwa mazuri, akanigeukia mimi mpishi: "Mpe pia vyakula vyenye potasiamu. Maharage, mchicha, ndizi, viazi vitamu. Chumvi inapandisha presha, potasiamu inasaidia kuishusha."

Niliogopa, nikaiondoa chumvi yote jikoni. Siku ya kwanza baba alikula ugali na maharage, akasema, "Chakula kizuri, mwanangu," akaacha nusu. Kesho yake akasifia tena, akabakisha zaidi. Mkwe hamwambii mkwe kwamba chakula hakina ladha, na mimi sikuthubutu kumuuliza. Tukawa tunadanganyana kwa heshima.

Alasiri akaanza kwenda kunyoosha miguu. Nilifurahi, mazoezi ni dawa. Hadi siku nilipokwenda sokoni nikamkuta kwenye benchi la mama lishe, mbele yake perege wa kukaushwa kwa chumvi, amebaki mifupa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akajibu mdomo umejaa.

Tulitazamana. Nilitamani ardhi ipasuke, naye nadhani alitamani hivyohivyo. Mwishowe akasogea. "Kaa. Mwanangu, chakula chako kama maji ya kuoshea vyombo."

Mama lishe aligeuka pembeni, mabega yakimtikisika. Mimi nilishindwa kabisa, nikacheka hadi machozi. Nikamwambia niliogopa kumuua.

"Sasa si unaniua kwa njaa! Mbona hukuniuliza? Mama yangu alikuwa anatupikia michembe kwa karanga, chumvi hata hatukuikumbuka."

Tukatoka hapo moja kwa moja hadi kwa wauza michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Alichagua mwenyewe, akivunja kimoja kimoja kusikia kama kimekauka. Jioni nilivichemsha, nikaunga kwa karanga za kutwanga. Maharage nikayapika kwa nyanya nyingi, kitunguu na pilipili, nikakamulia limao, chumvi nikaidondosha kwa ncha ya vidole. Baba hakusifia kitu. Alinyoosha sahani aongezwe.

Tuliporudi kliniki presha ilikuwa imeshuka. Muuguzi akamwambia aendelee na dawa na mlo huohuo. Kwenye bajaji, baba alikuwa na raha isiyo kifani, akamgeukia dereva.

"Kijana, unaijua potasiamu?"

Dereva, aliyekuwa ametuambia kwamba ametoka machimboni mwezi uliopita, alitega masikio. "Siijui, mzee. Inachimbwa wapi? Geita?"

"Hata kwangu Kharumwa ipo."

"Duara lake la kuchimbia lina kina gani?"

Baba akampimia kwa mkono, kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. "Unachimba kwa jembe," akasema. "Ukiikosa hapo, hamia tuta linalofuata."