Kioo cha Miwani

Nilipokata bomba la maji leo asubuhi, harufu ya plastiki iliyopata joto ilinirudisha uani kwetu Kibosho, jioni moja.

Kaka alitengeneza darubini kwa bomba kama hilo. Kioo nilimletea mimi. Nilikichomoa kwenye miwani ya baba.

“Usitikise, we mtoto. Ona, mwezi una makovu kama magoti yako.”

Baba akatokea, miwani mkononi, upande mmoja hauna kioo. “Nani ameharibu?”

“Mimi, baba,” kaka alisema.

Baba akamnyang'anya bomba, akampiga nalo mpaka likapasuka, akaendelea kwa kipande chenye ncha. Mama akanisukuma: “Kimbia ukalete isale.” Kwetu, anayepewa jani hilo hawezi kukataa kusamehe, hata kama ameshika panga.

Nililichuma kwenye mpaka wa shamba, kisha nikasimama hapohapo. Niliogopa kuulizwa kioo kilitokaje. Nilisikiliza kipigo mpaka kikakoma.

Ndipo nikampelekea baba. Alilipokea kwa mikono miwili, akasema amesamehe. Kaka alikuwa chini, ameziba jicho, damu ikipita kati ya vidole. Jicho hilo halikuona tena, na yeye hakunitaja hadi tulipomzika.